Fimbo Juu ya Redio

Karibu na Garsen, Tana River
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Naiandika barua hii nikiwa nimeinama kama niko mlangoni kwako Ribe. Macho yanaendeleaje? Lile la kulia bado linatoa machozi? Dawa niliyompa dereva wa lori ilifika, au alijipaka mwenyewe? Mimi ni mzima. Mbu wa mto huu wananila, nami nawala samaki wao, kwa hiyo hatudaiani.

Dada Eunice, wewe unayemsomea Mama, soma polepole wala usiruke mahali. Nina hasira, na nataka aisikie yote.

Mama, sitakuja Krismasi. Uhamisho nilioomba, ule wa kuja kufundisha huko nyumbani nikae nawe kabla macho hayajafunga kabisa, umekataliwa. Nakueleza mwenyewe, usije ukasikia kwa watu kwamba mwanao ni mlevi au mvivu.

Wiki iliyopita alikuja mkaguzi wa shule. Wala si Mzungu, ingekuwa afadhali. Ni mtu mweusi kama mimi na wewe, suti imepigwa pasi, viatu vimejaa matope yetu. Akaweka mezani redio yake ya betri na gazeti, akasema atapima Kiingereza cha darasa langu la juu.

Katika darasa hilo yumo mtu anaitwa Komora. Si mtoto. Ana ndevu, ana mke, ana shamba la mpunga kando ya mto, na binti yake yumo darasa la kwanza, chumba kile kile, benchi la mbele. Alinijia akasema amechoka kusomewa barua za serikali zinazohusu mashamba yao, anataka azisome mwenyewe. Basi kila asubuhi analima kwanza, kisha anavuka kwa mtumbwi kuja kukaa na watoto. Namheshimu mno.

Mkaguzi akawasha redio, akamwuliza Komora kwa Kiingereza: habari hizi umezisikia wapi? Komora akasimama, akajibu amezisikia "in" redio. Akaonyesha gazeti: na hizi umezisoma wapi? Akajibu, "on" gazeti. Mkaguzi akacheka mpaka akajifuta macho. Kwa Waingereza, Mama, ni kinyume: habari husikika "on" redio, kana kwamba zimekaa juu yake, na husomwa "in" gazeti, kana kwamba zimo ndani. Nilikwisha kuwafundisha hivyo. Mimi mwenyewe nilipofundishwa niliambiwa nikariri tu, nisiulize.

Komora akauliza, kwa Kiswahili chake cha mtoni. "Bwana, nisamehe. Sauti natoka ndani ya sanduku. Maandishi nakaa juu ya karatasi. Sasa nani nakalia redio?"

Hakuwa anadhihaki, alitaka kujua. Lakini watoto waliangua kicheko, na aliyechekwa safari hii si Komora. Mkaguzi akanigeukia, uso umemvimba. "Mwalimu, mchape. Hapa hapa mbele. Ombi lako la uhamisho ninalo mkobani. Nataka nione kama unaweza kusimamia darasa."

Mtu mzima achapwe mbele ya mwanawe! Kwa ajili ya nini? Kwa kijineno kisichojaza hata kinywa! Sisi twasema redioni, twasema gazetini, na hakuna aliyewahi kupotea njia.

Lakini sitakuficha, Mama, fimbo niliishika. Nilikuona umekaa kizingitini, unamwuliza kila anayepita kama ni mimi. Komora alikuja mbele, akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka benchini karibu na binti yake. Yule mtoto akalikumbatia, akainamisha kichwa asione.

Ndipo nikakumbuka siku redio ya kwanza ilipoletwa dukani kwetu. Ulisimama mlangoni, ukamsikiliza msomaji wa habari, kisha ukasema, "Huyu aliyemo humu ndani anasema tangu asubuhi, hakuna wa kumpa maji?" Watu walicheka, nawe ukacheka nao. Nikaona kwamba nikimchapa Komora, nimekuchapa wewe.

Nikaiweka fimbo juu ya redio. Nikasema, "Bwana, mimi simchapi. Ukitaka, hiyo hapo, ichukue mwenyewe."

Hakuichukua. Alimtazama Komora yule, mabega ya mkulima, akazima redio na kukusanya vitu vyake. Kabla ya kupanda gari akaniambia niisahau Ribe, nitazeekea Tana. Naapa hasira haijanitoka mpaka sasa. Hata leo kanisani nimeimba kama mtu anayegombana.

Kesho yake Komora alikuja kama kawaida, akakaa mahali pake, akafungua kitabu. Jioni nikakuta mfuko wa mchele mlangoni pangu. Ninakutumia kwa lori lile lile la dawa. Upikwe siku ya Krismasi, na sahani yangu iwekwe.

Nisalimie Baba Mdogo seremala, mwambie ile meza aliyonitengenezea haijatikisika. Nisalimie Shangazi anayekuchotea maji. Mungu amlipe, maana ile ni kazi yangu. Nawe Dada Eunice, usilie mbele ya Mama.

Mama, nimeandika ombi jingine, na hili likikataliwa nitaandika jingine. Uyaambie macho yasubiri.

Mwanao,
Samweli