Nilimupa Bwana Yake Simu Kwanza

Dada Lillian wa redio, salamu mingi toka Rubondo, hapa kwa kambi ya bakimbizi ya Nakivale, unisikilize kwanza maana roho inaniuma. Mimi ni mama wa kujitolea, ninatembea kwa manyumba na simu ya shirika, ile batu banaongea nayo kwa video na Molly, mushauri wa bamama benye kupigwa, mwenye anakaa Mbarara, mbele alikuwa anakuja yeye mwenyewe lakini sasa banasema simu inatosha, na mie nilifurahi kabisa. Sasa kuna jirani yangu, nitamwita Orpa, bwana yake anamupiga, na siku nilileta simu kwake nilifanya vile tunafanyaka kwetu Kivu, mugeni anapokelewa na mwenye nyumba, basi nikamupa bwana simu kwanza, akamusalimia Molly na heshima yote, mama-mukwe akasalimia, batoto bakasalimia, simu ikawekwa kwa kiti ya bageni, ndipo Orpa akaitwa toka jikoni, na bwana amekaa pale pale Orpa akasema, "Niko muzuri, Mungu anasaidia." Molly akaona mambo ya Orpa imeisha. Kesho yake kwa bomba ya maji Orpa akanionyesha mukono umevimba, akasema, "Mama Adélaïde, ulitaka niseme nini mbele ya ule mutu?" Nililia, dada. Lakini akaniapisha nisiambie mutu, na bwana yake ni shemasi wa kanisa yetu. Nifanye je? Nirudishe simu ya batu?

Adélaïde, Rubondo

Jibu la Dada Lillian

Pole sana, mama Adélaïde. Lakini lazima nikugombeze. Molly si mgeni! Mgeni anakuja kunywa chai na kusifu watoto. Molly alikuja kwa ajili ya Orpa, na wewe ukamkabidhi kwa mtu yule yule anayepiga. Na huyo Molly naye, haki ya Mungu! Unamuuliza mke habari za nyumbani bila kujua nani amekaa pembeni, unategemea jibu gani?

Simu usirudishe, nyabo, mama yangu. Itumie kumwita Molly aje. Habari ya kipigo inasemwa ana kwa ana.

Kiapo chako kishike mpaka Orpa mwenyewe akufungue. Mfuate bombani, muulize kama anataka kuonana na Molly, na wapi. Nyumbani kwake, hapana. Siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya hakuna mume anayeuliza mke anakwenda kufanya nini. Akikubali, mpigie Molly, mwambie apande gari mpaka Kabingo, achukue boda, aje. Wakae wawili ndani, wewe kaa mlangoni. Shemasi asijue lolote. Ila kama ule mkono haukunjiki, au ametishiwa kuuawa, usingoje Molly: mwambie Orpa mwende kituo hicho cha afya leo hii, pamoja.

Na akikataa, usimlazimishe, usimkasirikie. Chota maji naye, kesho umuulize tena, na kesho kutwa. Usichoke wewe, mama. Yeye amechoka tayari.