Sakafu Mbovu ya Meneja

Nyumbani kwako,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, kisha pokea na za mama yako mkubwa, ambazo ni nyingi mno kuenea kwenye bahasha hii. U hali gani? Kifua kimepona? Unakula chakula cha maana, au bado unashindia chai na mkate kama ulivyokuwa ukifanya wakati wa mitihani? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linalalamika asubuhi, mama yako mkubwa analalamika mchana kutwa, kwa hiyo nyumba haina upweke. Mwanao, ambaye siku hizi tunamwita Meneja, ni mzima, anakula kwa niaba ya watu wawili, na meno yamefika manane.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu sipati nafasi. Nikishasema haloo tu, mama yako mkubwa ananinyang'anya, mnaanza kulia wote wawili, mtandao unakatika, na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Haya ya leo yanataka nisikatizwe.

Nimeusikia ujumbe wako wa Jumanne. Umesema barua ya kuacha mafunzo umeshaiandika, na kwamba mwezi huu ukiisha mtoto hajatembea, utaipeleka ofisini na kupanda ndege urudi, ingawa imebaki miezi minane tu uwe fundi kamili wa mashine za hospitali. Siku ile sikukujibu. Nilikuwa na aibu, na utaona kwa nini.

Ngoja niungame kwanza. Kila ulipouliza kama mwanao ameanza kutembea, tulikuambia yu karibu. Hakuwa karibu. Jina la Meneja hatukumpa bure. Alikuwa anakaa kwenye kona yake pembeni ya kabati, ananyoosha kidole, na sisi wafanyakazi wake tunaleta: kikombe, mpira, kijiko, redio. Miezi kumi na saba, na hata kutambaa kwenyewe alijivuta kwa makalio, kama mtu anayesogeza kiti bila kunyanyuka. Ukimsimamisha anakunja miguu. Ukimshika mikono analia.

Mama yako mkubwa alisema tusimharakishe. Mimi, nisikufiche, nilichukua pimamaji yangu ya kazini nikaiweka juu ya magoti yake alipokuwa amelala, nione kama miguu iko sawa. Kiputo kilikaa katikati kabisa. Mama yako mkubwa alinikuta nimepiga magoti na chombo mkononi, akaniuliza kama nina mpango pia wa kumpiga plasta.

Ndipo tukampeleka kliniki. Muuguzi wa watoto pale ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa michezo. Alimgeuza, akamkunja miguu, akamwinua, akamchekesha. Akasema nyonga ziko sawa, miguu ina nguvu, na tusiingiwe na hofu bado, maana wapo watoto wanaochukua mpaka mwaka na nusu. Akifika hapo hajatembea, tumrudishe aangaliwe zaidi. Kisha akauliza anachezea wapi.

Nikajibu kwa majivuno. Nikamweleza vigae vya sebuleni, nilivyoviweka kwa mikono yangu mwaka uliofuata harusi yako, mistari imenyooka, ukiweka gololi inabaki pale pale ulipoiweka. Akauliza mtoto anavaa nini miguuni. Mama yako mkubwa akasema soksi za sufu, kwa sababu vigae vina baridi.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mzee wangu," akasema, "mmemsimamisha mtoto juu ya sabuni, halafu mnashangaa anakaa."

Mwanangu, nilinywea. Nilikumbuka Desemba, alipoteleza mara mbili ndani ya wiki moja akajigonga kidevu, nasi tukakuambia uvimbe ule ni wa meno. Kumbe tangu siku hiyo mwenzetu alishakata shauri lake. Kama kusimama ndiko huku, bora akae, tumletee.

Aliyotuagiza muuguzi yalikuwa mepesi kuyasikia. Soksi zivuliwe. Miguu iguse vitu vya kila namna, laini na vya kukwaruza, vilivyolala na vilivyoinuka. Mtoto achezeshwe, asifundishwe: apande, ashuke, asukume, achuchumae, ainuke. Akasema mwili hujifunza kusimama pale unapoyumba kidogo na kujirekebisha wenyewe. Yaani mimi, niliyemaliza miaka thelathini nikisawazisha sakafu za watu, nikatengeneze moja iliyopinda.

Niliumia lakini nilitii. Kule uani, kati ya bomba na ukuta, nilitengeneza njia ya Meneja. Inaanza na mchanga. Inafuata godoro kuukuu lililokunjwa, halafu mawe madogo ya mviringo niliyoyazamisha kwenye saruji, kisha ubao mpana uliolazwa chini, na mwisho kilima cha zege chenye kimo cha vidole vitatu. Fundi mwenzangu alikuja kuazima toroli, akaitazama kazi ile kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole kama macho yameanza kunisumbua. Nikamwambia mteja ndivyo alivyotaka. Akanisikitikia, akaondoka na toroli yangu.

Siku tatu za kwanza mteja aligoma. Tulimvua soksi, tukamweka mchangani, akautazama mchanga, akanitazama mimi, akanyoosha kidole kuelekea ndani. Nikamwambia ofisi imehama. Akalia mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akaja kuuliza nani kafa.

Lakini fundi cherehani huyo ndiye aliyetuokoa. Alituletea magunia mawili madogo aliyoyajaza vipande vya nguo na kuyashona midomo, ya kupandia. Meneja aliyapanda, akabingirika, akacheka. Akapanda tena. Asubuhi hiyo alipanda na kubingirika hata nikaacha kuhesabu, na hakuna aliyekumbuka kidevu.

Baada ya hapo tulipata akili. Nilichukua kreti la soda, nikaweka matofali mawili ndani yake ili lisimkimbie, naye akawa analisukuma huku anang'uruma kama lori la baba yake. Mama yako mkubwa anaimba na kucheza, kisha ananyamaza ghafla, na sote lazima tugande tulivyo. Siku moja niliganda kwa mguu mmoja kumwonyesha Meneja jinsi inavyofanywa. Niliangukia beseni. Alicheka hadi akapata kwikwi, na nadhani siku ile ndipo alipoelewa kwamba kuanguka si jambo la ajabu, hata wazee huanguka.

Mchezo anaoupenda kuliko yote ni wa vibanio vya nguo. Mama yako mkubwa anaanika, Meneja anampa vibanio kimoja kimoja. Mwanzoni alitoa akiwa amekaa. Kisha bakuli la vibanio likawekwa chini na kamba ikawa upande wa benchi, kwa hiyo kila kibanio ni kuchuchumaa, kuokota, kuinuka akiwa ameshika benchi, na kunyoosha mkono juu. Kwa ajili hiyo nguo za nyumba hii zinafuliwa kila siku, ziwe chafu zisiwe chafu. Shati langu la bluu limefuliwa mara nne wiki hii na halijavaliwa hata mara moja.

Ni katika kuanika huko ndipo ilipotokea, Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa mlangoni nasafisha mwiko. Meneja aliokota kibanio kwa mkono wa kulia, akaona kingine kizuri zaidi, akakiokota kwa wa kushoto. Akainuka. Sasa mikono yote ina mali, wa kushika benchi haupo, na yeye hana habari. Akamtazama mama yako mkubwa, akaenda. Hatua nne. Nilizihesabu. Miguu imeachana, tumbo mbele, vibanio juu kama anasalimu amri. Mama yako mkubwa alikuwa ameuma vibanio vitatu mdomoni. Alimpokea, akalia hivyo hivyo, vibanio mdomoni.

Kwa hiyo mwanao anatembea. Lakini sikuandika barua nzima nikuambie hilo tu. Hilo mama yako mkubwa angekupigia kelele kwenye simu, kama nisingemkataza mpaka barua hii ikufikie. Hatua ya kwanza umeikosa, mwanangu. Sitakudanganya tena. Ukirudi kesho hutaikuta, nami najua hapa pamekuchoma. Lia, kisha uendelee kusoma.

Jana jioni nilimweka mwanzoni mwa njia yake. Tangu Alhamisi alikuwa anakwenda kidogo, anageuka kuhakikisha nipo, anakwenda tena. Jana aliona gunia lake upande wa kilimani, akaondoka. Akavuka mchanga. Akavuka godoro kwa kuyumba kama kitanda kiko majini. Kwenye mawe akaanguka, nikatoa mguu kumkimbilia, nikajizuia. Aliweka viganja chini, akainua makalio, akasimama, akaendelea mpaka juu ya kilima. Hakugeuka hata mara moja. Nilibaki nimesimama na mikono mitupu, nafurahi na roho inaniuma.

Nawe hukugeuka siku unaondoka. Mama yako mkubwa alisema moyo wako mgumu. Mimi nilikuwa nayatazama mabega yako, nikajua ukigeuka tu huondoki. Tangu tulipokuchukua ukiwa na miaka sita, baba yako alipotutoka, sijawahi kujivunia kitu kama mgongo wako siku ile. Nilipaswa kukuambia mapema.

Tunakutamani kila tunapokaa kula. Meneja anaibusu picha yako mpaka kioo kimepata ukungu. Ila usirudi kwa hofu. Hapa hakuna anayehitaji kushikwa mkono kwa sasa, mwenyewe hataki. Ile barua ya ofisini ichane.

Mama yako mkubwa anakusalimu na anasema uvae sweta. Mwenzio alipita na lori mwisho wa mwezi, anakusalimu sana, na hajui bado. Tumekubaliana akija tumweke mtoto uani tujifanye hamnazo. Fundi cherehani anakusalimu, anauliza kipimo chako bado ni kile kile. Yule muuguzi nilimpitia na habari, naye anakupongeza kwa kuzaa mbishi.

Mungu akupe afya, akupe na uvumilivu wa miezi minane. Nenda, mwanangu. Huna haja ya kugeuka kututafuta, tupo.

Ni mimi baba yako mkubwa,
nikupendaye bila kupima.