Chuma Nilichokichomelea kwa Hasira

Mama Bilha wa redioni, salamu nyingi kutoka huku Lodwar, ejok, kama tunavyosalimiana kwetu, natumaini wewe ni mzima, mimi mwili uko sawa lakini tangu Jumapili roho haina amani, na nimeamua kukuandikia kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia jambo hili bila kumtazama machoni.

Mimi naitwa Ekai, ni fundi wa magari, nilijifunza kazi Kitale miaka sita kisha nikarudi kwetu kufungua gereji ya mabati, na shida yangu inaanza na mtu anayeitwa Cornelius, mfanyabiashara kutoka upande huo huo wa Kitale, ana malori mawili ya kubeba samaki na ngozi, na Jumamosi hii anamuoa dada yangu Akiru kanisani Kakuma. Mwaka jana huyu Cornelius alinunua gari la mbio, Mustang, kutoka kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaileta huku juu ya lori kama ng'ombe mgonjwa, na Lodwar yote ikatoka kucheka, maana lile gari tumbo lake liko karibu na ardhi na sisi barabara yetu ni mawe, mchanga na laga, ile mito mikavu isiyo na maji.

Ndani ya gari Mmarekani alisahau gazeti la picha za mashindano ya zamani ya kwao, wakati magari yalikuwa yakishindana kwenye barabara za kawaida, yanapita karibu na nyumba za watu, na kwenye kila kona wamepanga matita ya nyasi kavu ili gari likikosea ligonge nyasi, Mama, nyasi yote ile, na huku kwetu mbuzi wanakula karatasi. Cornelius alifungua ukurasa mmoja akaniambia, "Ekai, gari langu liwe hivi, hivi hivi, usiniletee lingine." Basi nikang'oa viti vya nyuma liwe jepesi, nikakata springi lishuke zaidi, nikatoboa boneti na kuweka pua ya bati ya kuvuta upepo, bomba la moshi nikalipitisha ubavuni chini ya mlango likawa linanguruma mpaka punda wanakata kamba, nikalipaka buluu na mistari miwili myeupe kutoka mbele hadi nyuma, na namba saba kubwa milangoni. Sitadanganya, nilifurahia kazi hiyo, hata usingizini nilikuwa nikiiota, sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile na sidhani nitafanya tena.

Sasa, usukani wa Kimarekani uko kushoto, naye akataka uhamie kulia ili akiyapita malori aone mbele, nikapata sanduku la usukani kwenye gari lililokufa zamani, lakini ile fimbo ya chuma inayogeuza magurudumu ya mbele, sisi mafundi tunaiita tairodi, haikutosha urefu, na kuagiza nyingine Nairobi ni mwezi mzima, kwa hivyo nikaikata na kuiunga kwa kuchomelea, jambo ambalo mwalimu wangu wa Kitale alinikataza kabisa, alisema chuma cha usukani hakiungwi, kinanunuliwa. Siku hiyo, mwezi uliopita, nikiwa bado na miwani ya kuchomelea usoni, Cornelius alifika na rafiki zake, akanisimamia kichwani akasema, "Shemeji, mbona pole pole hivyo? Wewe ni fundi ama bado unachunga mbuzi?" Wakacheka wote. Chuma kilipopoa niliona ufa, mwembamba kama unywele. Kurudia ilikuwa kazi ya saa moja tu. Sikurudia, Mama, nilipaka rangi nyeusi juu yake na moyoni nikasema, acha aone.

Wakati huo mpango ulikuwa Akiru apelekwe Kakuma na lori la kanisa pamoja na akina mama, ndio maana sikumfikiria, lakini Jumapili baada ya misa Cornelius alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba bibi harusi hawezi kubebwa kama gunia, atakaa naye kwenye Mustang kutoka Lodwar hadi mlango wa kanisa, na atakimbia vile ambavyo Turkana haijawahi kuona. Watu wakapiga vigelegele. Akiru alikuja mbio kunishika mkono, akaniuliza, "Kaka, nifunge kitambaa upepo usiniharibie nywele, ama niache watu wanione?" Nikamwambia afunge.

Tangu siku hiyo, kila saa nane mchana jua likiwa kali na Cornelius amelala, naingia chini ya gari kuangalia. Jumatatu ukucha haukuingia kwenye ule ufa. Jana Jumanne umeingia. Leo imeingia hata ncha ya kisu. Na yeye kila asubuhi yuko uwanja wa ndege, amepanga mapipa anayazunguka kwa kasi kama kwenye zile picha, na kila akizunguka mimi nikiwa gereji nasikia mlio wa matairi, naacha kazi nahesabu mizunguko.

Utaniuliza kwa nini sisemi. Wakati wazee walipokaa kwa mama yetu huko Lopur kuzungumza mahari, mimi nilimkataa Cornelius, nilisimama nikasema mbele ya wote, "Huyu mtu ana haraka, atamuua dada yangu barabarani." Kwetu maneno kama hayo si maoni, ni laana. Wazee wakachinja mbuzi, wakanipaka kifuani majani mabichi ya tumboni mwake ili yale maneno yarudi yalikotoka, nikaapa sitayasema tena. Sasa nikienda kusema gari litaanguka wataniita ekapilan, yaani mchawi, watasema nimelaani mara ya pili, na wakiona ule ufa watasema kumbe aliutengeneza mwenyewe ili maneno yake yatimie, na Mama Bilha, nikijitazama vizuri sijui kama watakuwa wamekosea sana.

Nimefikiria kutia mchanga kwenye tangi la petroli lisiwake. Nimefikiria kwenda kwa mjomba wangu huko Lokichar nisiwepo siku hiyo. Barua hii nampa rubani wa ndege ndogo inayorudi Nairobi leo Jumatano, ameahidi kuifikisha mlangoni kwenu. Niambie nifanye nini, mikono inatetemeka hata spana siwezi kushika.

Ni mimi Ekai, fundi, Lodwar.

JIBU LA MAMA BILHA

Ekai, leo ni Ijumaa saa kumi alasiri, na barua yako nimeipata asubuhi hii. Mama wa Bungoma ambaye barua yake ilikuwa na zamu leo anisamehe. Yeye ana mkwe mkali, na mkwe mkali anaweza kungoja wiki moja. Wewe huna wiki, una usiku mmoja.

Pole, mwanangu. Kudharauliwa mbele ya watu ukiwa umeinama kazini kunauma, na huyo Cornelius alikosa adabu. Hapo niko upande wako.

Hapo tu. Sasa nikuseme, na usinune. Umeniandikia kurasa tatu za laana na wazee na mbuzi, na lile jambo lenyewe umelifukia katikati ukidhani nitalipita: uliuona ufa, ukaupaka rangi. Kuchomelea vibaya ni kosa la fundi, kila fundi analo lake. Kupaka rangi juu yake ni kosa lingine kabisa. Ati acha aone! Aone nini, Ekai? Mtu akipoteza usukani kwenye mwendo ule haoni kitu, anazikwa. Na barabara ya Kakuma si ya Cornelius peke yake. Kesho akina mama na watoto watajipanga pembeni kumshangilia bibi harusi, na hakuna tita hata moja la nyasi la kuwakinga.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kitamuumbua mtu mwingine, siyo wewe uliyeficha.

Unaogopa kuitwa ekapilan. Sikudharau, najua neno hilo linaweza kumtoa mtu katika ukoo wake. Lakini sikiliza vizuri. Wazee walikukataza kutabiri. Hawakukukataza kuungama. Ukienda kusema, "Gari litaanguka, dada yangu atakufa," hiyo ni laana kweli, hata mimi ningekuchinjia mbuzi. Basi usiseme hivyo. Kuhusu kesho usiseme neno lolote. Sema ya mwezi uliopita: "Nilikata chuma kisichokatwa. Niliona ufa. Nilikuwa na hasira, nikaufunika kwa rangi." Huko kote hakuna unabii. Kuna mtu na kosa lake, na wazee wenu wanajua namna ya kushughulika na mtu mwenye kosa kuliko wanavyojua namna ya kufufua maiti.

Ule mchanga wa tangi uache. Gari litawaka, litakwenda, kisha litazimika katikati ya laga ambako hakuna kivuli wala maji, na ule ufa utakuwa bado uko pale pale. Lokichar pia usiende. Ukiwa Lokichar habari zikafika, hutapata mzee mmoja wa kuamini kwamba hukukusudia.

Utafanya hivi. Chukua spana sasa hivi. Usiniambie mikono inatetemeka, mikono iliyotengeneza gari lile inaweza kufungua nati mbili ikitetemeka. Ingia chini, toa hiyo tairodi, mwenyewe akiwepo au asiwepo. Gari lisilo na tairodi haliendi popote. Kwangua rangi yote, ufa uonekane wazi, kisha uibebe mkononi uende kwa Cornelius, na umwite Akiru asimame hapo, maana maisha yanayozungumziwa ni yake na amechoka kuamuliwa mambo na wanaume. Mwambie maneno yale niliyokupa. Usiongeze "lakini." Usimkumbushe alivyokutukana, hiyo ni kesi ya siku nyingine na utaishinda. Akikufokea, nyamaza. Akitaka kukupeleka polisi, tembea naye. Kisha Akiru aende Kakuma na lori la kanisa kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Atashuka na vumbi, atakung'utwa na akina mama, ataolewa.

Na ile fimbo usiiunge tena. Agiza nyingine, hata ichukue mwezi. Mwalimu wako alikwambia.

Sasa nina neno la mwisho, na hili hutalipenda. Pembeni ya karatasi uliniandikia kwa herufi ndogo nibadilishe majina, na kwa miaka yote ya kipindi hiki nimebadilisha majina ya watu, vijiji vyao, hata idadi ya watoto wao. Tangu asubuhi nimekaa na simu nikiwatafuta polisi wa Lodwar, misheni, yeyote, na laini imekufa. Kwa hiyo leo nimesoma barua yako hewani kama ulivyoiandika. Ekai, Cornelius, Akiru, Lodwar, Mustang ya buluu, namba saba. Sikubadilisha hata moja. Nikasirikie, una haki, ila kasirika ukitembea. Kila mwenye redio huko ameshasikia, na wapo walioshaanza kuvaa viatu kwenda kwa dada yako. Wewe unaishi karibu naye kuliko wao. Toka hapo ulipo, ukimbie, asikie kwako kwanza.