Povu la Maogohani

Jumapili, Juni. Manyunyu alfajiri, kisha jua la kuanikia mihogo.

Nimeoga mara mbili tangu nirudi Kilifi na bado najiona mchafu. Harufu ya mkojo na shampuu imeng'ang'ania puani. Chakula cha jioni nimekirudisha jikoni bila kukigusa.

Leo nilikwenda Maogohani, kwenye maporomoko yaliyo vilimani, nyuma ya Ganze. Si makubwa. Ni kijito kinachoanguka mara tatu kwenye mawe, na anguko la mwisho ni refu kama mnazi mchanga. Masika yakiisha maji hudumu kwa muda mfupi tu, kwa hiyo nilijiunga na kundi la watembeaji kutoka mjini, watu kumi na wawili na kiongozi wao, bwana mmoja mcheshi aitwaye Karisa. Hakunijua, nami sikujitambulisha.

Mwanzoni nilifurahi. Tulipanda kandokando ya kijito, maji ya baridi yakitufika kifundoni, kaa wadogo wakikimbilia chini ya mawe. Tulipofika anguko la kwanza nikaona nepi.

Imevimba, imenasa kwenye mzizi, maji yanaipitia.

Baada ya hapo macho yangu hayakutafuta uzuri tena. Niliona vipakiti vya shampuu, mifupa ya kuku, vipande vya sabuni vilivyolainika, na chupi imetundikwa kwenye tawi. Wapenzi wameandika majina yao jiweni kwa rangi ya mafuta. Nyuma ya kila kichaka mtu amejisaidia, na mimi nikakanyaga. Nilitapika kidogo, pembeni, nikasingizia jua.

Njia nzima nilikuwa nikiwatukana moyoni. Watu gani hawa? Walilelewa na nani?

Kwenye anguko la tatu Karisa alitukusanya, akatoa simu, akatusomea: “Maogohani ni neno la Kigiriama, maana yake mahali pa kuogea. Njooni na sabuni zenu, maji haya yatawatoa uchovu wa mwaka mzima.”

Maneno yangu.

Niliyaandika hapa hapa, kwenye blogu hii, mwaka jana. Baba yangu ni Mgiriama, lakini mimi nimekulia mjini na Kigiriama changu ni cha salamu na matanga. Nilisikia “oga” ndani ya jina, nikaridhika. Sikumuuliza mtu. Tena nikaweka na picha: mimi chini ya maji, kichwa kizima povu, meno nje. Nyani haoni kundule.

Wenzangu walivua nguo wakaingia na sabuni zao. Walikuwa watu wazuri, wenye adabu, na mmoja alinikaribisha nitumie ya kwake. Povu likajaa kidimbwini, likamwagika, likateremka.

Mimi nilijua linakokwenda. Shangazi Dama, dada yake baba, anaishi kule bondeni, na kijito hicho ndimo alimokuwa akiteka maji maisha yake yote. Mwaka jana nilipita juu na rafiki zangu bila hata kushuka kumwamkia. Leo niliwaacha wenzangu nikateremka.

Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitandikia mkeka. Nilipoomba maji ya kuoshea kiatu alinipa kidogo kwenye kopo, akaniomba radhi kwa uchache wake. Siku hizi huteka maji kwenye bomba la shule, ng'ambo ya kilima, na mtungi huubeba kichwani. Maji ya kijito yanatoa povu chunguni, alisema, na wajukuu wakiyaoga wanajikuna usiku kucha.

Hapo ndipo nilipouliza maana ya jina, mwaka mzima baada ya kuiandika.

“Kuogoha ni kuogopa, mwanangu,” alisema. “Pale ni pa kuogopwa. Wazee wakifika walivua viatu, wakapiga hodi, wakateka kwa kata, wakaondoka. Sufuria yenye masizi haikutiwa mle.”

Kisha akauliza, bila hasira, “Ni nani hata akawaambia watu ni bafu?”

Nikasema sijui.

Nilisema sijui huku nimeshika kopo lake, nikisugua mavi ya mtu kwenye kiatu kwa maji aliyoyabeba kichwani. Nimeona kinyaa kingi leo, lakini hiki changu ndicho kilichoninyima chakula.

Picha nimeifuta. Juu ya makala ile nimeandika maana ya kweli, na kwamba pale hapaogwi. Nimemwandikia Karisa pia. Amejibu kwa upole, akiuliza sasa kundi la Jumamosi litaoga wapi.

Hayo yote ni kazi ya vidole. Iliyobaki ni kwenda kukaa kwenye mkeka ule na kulirudisha lile “sijui” kwa Shangazi, nimwambie ni mimi. Nitakwenda kabla ya Jumamosi, na kata yangu na magunia ya kuzolea taka, lakini nitaanzia mlangoni kwake, kabla sijaokota hata karatasi moja. Tangu magharibi natafuta maneno ya kuanzia, kwa Kigiriama ikiwezekana, na nililonalo ni moja tu.

Naogoha.