Mita Kumi Ulizoomba

Kaka,

Mama hajambo hapa kwangu, miguu imeacha kuvimba. Miche ya msitu wa jiji nayo imeshika vizuri.

Umeniomba mimi mpimaji ardhi nisogeze mpaka wa msitu mita kumi, nyumba yako isibomolewe. Nimepiga hesabu. Hapo inaingia miti arobaini, na ikikomaa itafyonza hewa ukaa isiyofika tani moja kwa mwaka. Gari lako peke yake linatoa zaidi. Ningeweza kuusogeza, na bosi asingeuliza.

Lakini siku ulipomtoa Mama chumbani, humo nyumbani kwako, ukaweka mpangaji, ulimwambia, "Mama, nielewe tu, nafasi ndogo." Basi nielewe na wewe. Tingatinga linakuja Jumatatu.

Mama anasema uje ukae naye. Nyumba ni yangu, Kaka. Usije.

Mdogo wako