Jumapili Tatu Bila Ziyad

Kilburn, London
Alhamisi, 4 Desemba

Ndugu yangu Ziyad,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nakuuliza kichwa. Maumivu yamepungua? Usingizi unakuja? Mwanga unaweza kuuvumilia sasa, au bado unashinda chumbani mapazia yameteremshwa? Na miguu ya Bibi je, baridi ya kusi imemwachia? Mie mwili ni mzima, nakula, nakwenda darasani, lakini kutulia sijatulia. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nimeinuka kwenda kuchemsha chai ambayo sikuinywa.

Najua daktari amekukataza simu na kusoma, kwa hivyo anayekusomea ni dada yako Ummukulthum, na nyote hapo Wete mmekaa ukumbini mnasikiliza kama taarifa ya habari. Shikamoo Bibi. Shikamoo Dada Ummu. Nakuomba, dada, usome kila neno, hata yale utakayoona hayafai kusomwa mbele za watu. Bi Sheikha anasafiri kuja huko kwenu keshokutwa na amekubali kuichukua barua mkobani, baada ya kunihoji mara tatu kama ndani mna kitu cha magendo.

Ziyad, siku ile Heathrow ulinivuta pembeni, mama yako akiwa anahangaika na mizigo, ukaniambia nikutafutie jambo moja tu: nani aliyewafikishia wazee wako habari za kichwa chako. Ukasema ukimjua mtu huyo hutampa mkono mpaka unaingia kaburini. Nikasema sawa, nitamtafuta. Jibu ninalo, na nitakupa. Lakini kwanza nakupa habari za timu, kwa sababu najua kama sikuanza na timu hutasikiliza mengine.

Bibi, kwa faida yako: mchezo wenyewe si mpira wa miguu unaoujua. Ni ule wa Wamarekani, vijana wa vyuo vikuu huku wanaucheza Jumapili kwa mapenzi yao tu. Mpira umechongoka ncha mbili, na wachezaji wanavaa kofia ngumu kama mafundi wa ujenzi. Mie nainama mbele, mpira nimeushika chini, kisha naurusha nyuma kati ya miguu yangu umfikie mtu mmoja. Huyo ndiye kwotabeki. Yeye anaamua kama aurushe mbali, aurushe karibu, au ampe mwenzake akimbie nao. Kazi yetu wengine ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Mjukuu wako ndiye aliyekuwa mtu huyo, na alikuwa fundi. Hata ishara za mbinu zetu alizitunga yeye kwa majina ya vyakula vya kwetu, ndiyo maana huku kuna Waingereza kumi na tano wanaopiga kelele za urojo na pweza uwanjani bila ya kujua vinaliwaje.

Basi Ziyad, nafasi yako amepewa Hitesh. Najua hukutaka kulisikia hilo. Ndiye aliyekuwa wa akiba, hapakuwa na mwingine. Jumapili ya kwanza Kocha Malek aliacha kila kitu kama ulivyokiacha wewe, mbinu zako zote thelathini, mipira yako yote mirefu, akampa Hitesh kama anayempa mtu koti la kaka yake. Mkono wa Hitesh haufiki huko. Mara nne mpira ulitua mikononi mwa wapinzani. Na mie nilimwongezea mzigo, maana miaka miwili nimezoea kuchungulia kati ya miguu yangu niuone unyayo wako wa kushoto ukinyanyuka kisigino, ndipo naachia mpira. Hitesh hanyanyui kisigino. Nilikaa nikikisubiri kisigino chako, refa akapuliza filimbi kwa kuchelewa. Mara ya pili nikababaika nikaurusha juu ya kichwa chake. Tulifungwa thelathini na nne bila.

Lakini hayo ni ya mikono na miguu, yangetengenezwa. Lililoniuma ni jengine. Thadei, yule mtu wetu wa Songea, mkubwa kama kabati, anayesimama bega langu la kushoto, alikuwa hazuii. Mara ya tatu nilimwona kwa macho yangu akimpisha mtu kama anayempisha mzee mlangoni. Hitesh alipigwa chini mchana kutwa. Akiinuka anajipangusa matope, anarudi mahali pake.

Sababu unaijua, kwa sababu wewe mwenyewe uliidokeza siku tulipokuja kukuaga. Mama yake Hitesh, Bi Deepa, anafanya kazi duka la dawa hapa High Road, na mama yako ndipo anapochukua dawa zake za presha. Hitesh alikuona siku ile umepigwa. Nafasi aliitaka. Watu wakajumlisha wenyewe: Hitesh kamwambia mama yake, mama yake kamwambia mama yako dirishani pale. Thadei akalichukua neno hilo akalisambaza timu nzima. Chumba cha kubadilishia nguo Hitesh akiingia watu wanakumbuka kufunga kamba za viatu. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilizifunga na kuzifungua zile kamba mpaka zikakaribia kukatika.

Wiki ya pili Kocha Malek aliwasili mazoezini moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake ya udereva wa basi, akatukalisha chini kwenye nyasi mbichi. Alisema ushambuliaji wetu wote ulikuwa mtu mmoja, mtu huyo amekwenda kwao, na yeyote anayemtafuta Ziyad wa pili aende akamtafute timu nyingine. Kutoka mbinu thelathini akatuachia nane. Mipira mirefu hakuna tena. Mpira utoke mkononi mwa Hitesh kabla hujahesabu mbili, mfupi, pembeni, au apewe mkimbiaji apite katikati. Tukatembea mbinu zile nane taratibu kama watu wanaojifunza kuswali, mara hamsini kila siku, mpaka tukaziota. Mie nikajifunza kutotazama kisigino cha mtu, nisikilize sauti tu.

Alitaka pia kubadilisha ishara ziwe namba. Hapo vijana walikataa. Yule wa Kent mwenye nywele nyekundu alisema namba anazisahau lakini urojo hausahau. Shida ni kwamba Hitesh ishara nyingine hakuzishika vizuri, kwani wewe ulikuwa ukizifundisha kwa utani na yeye hukumtania. Unajua alifanya nini? Alikwenda kwa bibi yake, Bi Kokila, huko Stanmore, akamwomba amfundishe. Kumbe yule bibi kazaliwa Unguja, kaondoka msichana wa miaka kumi na minane. Hitesh Kiswahili anakielewa chote, ila tangu mdogo anamjibu kwa Kiingereza. Sasa bibi alimwambia hapati chakula mpaka ajibu ipasavyo. Jumapili ya pili tulifungwa ishirini kwa sita, lakini sita zile zilikuwa zetu, na Hitesh aliita pweza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.

Jumanne iliyofuata Hitesh alinialika huko kwa bibi yake. Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu sikupata uongo wa haraka. Bi Kokila alikuwa ndiyo kwanza anarudi hekaluni Neasden, hata sweta hajavua, akanikalisha jikoni, akanipa kachori na chai ya maziwa, akanihoji nani baba yangu, nani babu yangu, na nyumba yetu iko upande gani wa Chake. Kiswahili chake, Ziyad, ni kile cha bibi zetu. Nikajisahau nikacheka. Mjukuu wake alipotoka kwenda kuleta maziwa dukani, aliweka kikombe chake chini akaniuliza: je, mimi naamini kuwa Hitesh ndiye aliyekusemea? Nikamwambia hapana, siamini. Akauliza nina hakika? Nikasema nina hakika. Akanitazama. Akasema mjukuu wake anarudi nyumbani na mbavu zina rangi ya biringani, haniulizi mengi, ila anataka kujua inakuwaje mtu mwenye hakika kiasi hicho akae kimya wiki mbili na wenzake wanamwadhibu asiye na kosa. Nilimwambia basi langu litaniacha, nikatoka, na sikupanda basi lolote. Nilitembea kwa miguu kutoka Stanmore, mvua inaninyeshea, kituo baada ya kituo.

Alhamisi yake nilisimama katika chumba cha kubadilishia nguo nikasema neno mbele ya timu nzima. Nitakwambia nilisema nini, vumilia kidogo, niko karibu. Thadei alichukua begi lake akatoka, akarudi, akaenda moja kwa moja kwa Hitesh akampa mkono kwa mikono yake miwili. Mie hajanipa mpaka leo.

Jumapili iliyopita tulishinda. Kumi na nne kwa kumi na tatu. Laiti ungeona, Ziyad. Hapakuwa na mpira hata mmoja wa kuwafanya watu wasimame vitini. Hatua tatu, hatua nne, tumeanguka, tumeinuka, tena hatua tatu. Wapinzani walikuwa wakikusubiri wewe, wamewapanga walinzi wao nyuma kabisa kwa ajili ya mipira yako mirefu, nasi tunawanyofoa mbele kidogo kidogo. Zikiwa zimebaki dakika mbili Hitesh aliita urojo, Thadei aliwafagia wawili kwa mpigo, na mkimbiaji wetu akapita kwenye uwazi ambao hata Bibi angepita na mkongojo wake. Hakuna aliyemgusa Hitesh mchana ule. Watu walimbeba. Walikumbatiana wote, wakaimba, Kocha Malek akalia. Mie nilikuwa naokota koni za pembeni, kwani hakuna aliyenikumbatia.

Dada Ummu, hapa soma taratibu.

Aliyesema ni mimi, Ziyad. Hitesh hakutamka neno, na Bi Deepa mpaka siku hizi hajui tumemsingizia nini. Jumatatu ile, siku moja baada ya kupigwa mara ya pili, nilimrudishia mama yako chungu chake cha biriani. Alinipokea mlangoni akaniuliza habari za mwanawe, kama anavyoniuliza siku zote, na jibu lake mie na wewe tunalijua, huwa ni nzuri, alhamdulillah, basi. Nilifungua kinywa kusema nzuri nikaona inanishinda. Nikamwambia yote pale pale mlangoni, chungu nimekikumbatia. Nilidhani atakulaza kitandani wiki mbili kwa supu ya kuku, na jambo litabaki baina yenu. Nilisahau watu wetu walivyo. Kabla ya magharibi ami zako watatu walikuwa wamevua viatu ukumbini kwenu, na kikao hakikuvunjika mpaka baba yako, Ami Mbarouk, amekubali usimamishe masomo upelekwe Wete kwa Bibi. Nikataka kukwambia siku hiyo hiyo. Nikataka kukwambia Heathrow, wewe ukanitangulia kwa kunipa kazi ya kumtafuta mwenyewe. Niliona aibu, nikamwacha Hitesh apigwe kwa ajili yangu Jumapili mbili.

Na lipo kubwa zaidi, ambalo timu sikuwaambia. Tarehe kumi na mbili Oktoba, ulipopigwa mara ya kwanza, ulitapika nyuma ya kontena la vifaa, mie nimekushika shati. Ndani ya treni ukaniuliza tunateremka kituo gani. Nikakwambia Kilburn. Kilipopita kituo kimoja ukaniuliza tena. Miaka miwili tunateremka Kilburn, Ziyad! Ukaniapisha nisimwambie mtu, nikaapa, na nilijua palepale kwamba kiapo hicho ni kibaya. Sikukishika kwa ajili ya urafiki. Nilikishika kwa sababu mbele yetu palikuwa na mechi ambayo tuliingojea tangu mwaka jana, na bila ya wewe tungefungwa. Nilikuwa nahesabu pointi. Nilikurushia mpira wiki tatu nzima nikijua kichwa chako ni kibovu, mpaka ulipoanguka mara ya pili na macho yakageuka.

Wiki tatu hizo ndizo ninazokuomba unisamehe, wewe, na Bibi, na Bi Ghalia mama yako ambaye bado ananiombea dua akidhani mie ndiye rafiki mwema. Kwa kumwambia yeye sikuombi radhi. Nimejaribu kujuta, nikazunguka chumba hiki mpaka jirani wa chini amegonga dari, na sikuweza. Kama mkono wako umeshanifungia, ufunge. Nichukie, ndugu yangu, lakini nichukie ukiwa mzima, unajua unateremka kituo gani.

Msalimie sana Bibi, umbusu mikono kwa niaba yangu. Dada Ummu, ahsante kwa koo lako. Ziyad, Hitesh anakusalimu, sikumtuma, kaomba mwenyewe, na Bi Kokila anakuombea afya kwa Mungu wake. Mwenyezi Mungu akuponye haraka na akurudishie utulivu ambao mie sinao.

Ni mimi,
Soud