Parachichi za Mjomba na Mikono Yangu

Jumamosi. Mvua imefunika milima tangu asubuhi, nami natafuna parachichi kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili umevimba.

Nimepigana. Mimi, utingo wa zamani wa malori niliyefika Lusaka na Lubumbashi, nikarudi na meno yote.

Chanzo ni mafuta. Nilisikia redioni kwamba mafuta mabaya yanaharibu moyo, hata yanachochea hasira. Kichwa changu chepesi, sikungoja wataje yaliyo mazuri. Nikaacha yote. Sasa ni mkaanga samaki namba moja hapa Mwembesongo, nashinda mbele ya karai, halafu nakula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Wiki kadhaa.

Usingizi ukakatika. Hata nzi akitua mezani namwona ana dharau.

Leo mteja kasema samaki wangu ni wa juzi. Nikamtandika ngumi ya pua. Akanirudishia mbili, tukakamatana mashati, tukaangukia jiko. Karai likapinduka. Mafuta ya moto yakarukia miguuni kwa mke wangu, Sabina. Nusura yambabue ngozi. Moshi, samaki topeni, damu kwenye aproni yangu.

Sabina alifungasha kanga zake, akaenda Bigwa kwa mama yake.

Hilo liliniuma kuliko ngumi.

Sisi Waluguru kesi ya mtu ni ya mjomba wake. Wangu ameshuka jioni hii kutoka Kinole na kapu la parachichi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeshinda?"

"Sare."

"Sare, na mke kaondoka? Nani kakwambia uache mafuta yote, we mtoto wa dada? Parachichi, karanga, dagaa, mafuta yake mwili unayadai. Umejikausha mpaka akili."

Nikachangamka. Nikamwambia basi kosa si langu, ni la muhogo.

Hakucheka. "Kula ushibe. Ila mwanamke hakukimbia muhogo."

Nimeshiba kweli, na moyo umetulia kidogo. Lakini nikiyaona madoa ya mafuta pale aliposimama Sabina, nageuza macho.

Asubuhi naanza kwa yule mteja, nimwombe radhi. Kisha Bigwa. Mjomba ndiye atakayeongea, mimi nimeamriwa kunyamaza. Nimetembea nchi tatu nikiongea.

Sabina akiitazama mikono yangu, nitaiweka wapi?